UZI: Kwa nini wanafunzi wetu hunyamaza darasani, na shule zifanye nini ili washiriki?

Mwalimu wa Jomvu (mwanzisha uzi)

Salaam, wanajukwaa. Ninafundisha Sayansi Jumuishi katika sekondari msingi, na kuna jambo linalonisumbua ambalo ningependa tulijadili kwa kina. Watoto wanaobishana uwanjani wakati wa mapumziko, kila mmoja akitetea timu yake kwa hoja na ushahidi, ndio hao hao wanaoinamisha vichwa mara tu kengele inapolia. Walimu wengi huwaita wavivu. Mimi sikubaliani nao. Maoni yangu ni kwamba mwanafunzi hunyamaza akishatambua kuwa jibu lake halibadilishi chochote: mwalimu huuliza, mmoja hujibu, mwalimu husema "vizuri" au "sivyo", kisha somo huendelea vile vile lilivyoandikwa kwenye maazimio ya kazi.

Muhula uliopita, nilipofika kwenye mimea na mazingira yake, niliwaomba wanaoishi karibu na hori la Tudor hapa Mombasa watueleze mizizi ya mikoko kabla hatujafungua kitabu. Msichana mmoja ambaye sijawahi kumsikia akijitolea kujibu alisema kwamba mizizi ya mchu, aina mojawapo ya miti ya mikoko, huchomoza juu ya tope imesimama wima kama penseli, ilhali ya mkoko wenyewe hutoka kwenye shina, ikapinda na kushuka matopeni. Nilimwita achore ubaoni. Mwenzake akamsahihisha, wa tatu akauliza kwa nini mzizi uelekee juu wakati mizizi hutafuta maji chini, na swali hilo ndilo lililoendesha vipindi viwili vilivyofuata. Michoro yao ndiyo iliyokuwa maandishi ya somo. Wapo waliosema mizizi ile hushikilia mchanga, wapo waliosema huvuta hewa, na walitoka langoni wakiendelea kushindana.

Je, mnakubaliana nami kwamba kiini ni matumizi ya majibu yao, au mnaona sababu nyingine?

Binti Kuze

Ahsante kwa mada, Mwalimu. Mfano wako ni mzuri, lakini umeacha jambo moja ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote. Msichana yule alieleza kwa lugha gani?

Mwalimu wa Jomvu

Alieleza kwa Kiswahili, dada. Baadaye tuliandika maelezo kwa Kiingereza kwa sababu mtihani uko katika lugha hiyo.

Binti Kuze

Basi umejijibu mwenyewe. Sera yetu inasema kwamba katika madarasa ya chini mtoto afundishwe kwa lugha ya mazingira yake, na mijini kama Mombasa lugha hiyo ni Kiswahili. Hata hivyo, tangu chekechea shule nyingi, hasa za binafsi, hukimbilia Kiingereza ili kuwaridhisha wazazi, na mpaka leo zipo zinazomvisha mtoto kibao shingoni kwa kosa la kuzungumza Kiswahili akiwa ndani ya Mombasa. Mtoto aliyepitia hayo amefunzwa kunyamaza kwa miaka kadhaa kabla hajafika kwako. Kabla ya kusema neno, hulipima mara mbili: kama ni sahihi kisayansi, na kama kitenzi kimekaa mahali pake. Hata mtu mzima akiwekewa masharti hayo hatathubutu kuinua mkono.

Kilindini77

Ninaunga mkono hoja ya Binti Kuze, na kuna ushahidi wa hapa hapa nchini. Katika miaka ya 1990 watafiti Paul Glewwe, Michael Kremer na Sylvie Moulin walifuatilia shule za Busia na Teso zilizopewa vitabu vya kiada bila malipo. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2009, yalionyesha kwamba wastani wa alama haukupanda. Waliofaidika ni wale waliokuwa tayari wanaongoza darasani. Maelezo waliyoyatoa ni kwamba vitabu vilikuwa vya Kiingereza, ambacho kwa wengi wa watoto wale ni lugha ya tatu, na wanafunzi wengi walishindwa kuvisoma. Kitabu kilikuwepo mezani, mtoto alikuwepo kwenye dawati, na kujifunza hakukuwepo.

Mzazi wa Changamwe

Ninawaheshimu, lakini mnazungumza kana kwamba kila mtoto wa Mombasa amezaliwa Mji wa Kale. Huku kwetu kuna nyumba za Wakamba, Waluo, Waluhya na Wataita, na ukienda Kisauni utakuta watoto ambao nyumbani huzungumza Kigiriama. Kiswahili wanakijua vizuri, ndiyo, lakini si lugha ya mama kwa wote. Kama lugha ingekuwa sababu pekee, basi wale waliokulia Kuze na Kibokoni, mitaa ya Mji wa Kale wa Waswahili, wangekuwa wanawaacha wenzao mbali kwa kushiriki, na walimu hapa watuambie kama ndivyo ilivyo.

Mimi sababu ninayoiona ni tumbo. Mtoto wangu wa pili hutoka nyumbani alfajiri, na rafiki yake wa dawati moja huvuka feri kutoka Likoni bila kutia kitu kinywani. Ikifika saa nne anayemudu hununua mahamri na mbaazi langoni, na asiyemudu hushinda na mabuyu. Mnamtaka mtoto huyo ajadili mizizi ya mchu?

Binti Kuze

Kuhusu Kigiriama umesema kweli, na nakushukuru. Hata hivyo hoja yangu inabaki, kwa kuwa mtoto huyo wa Kisauni hubishana uwanjani kwa Kiswahili na si kwa Kiingereza.

Mpwani Halisi

Nyote mnazunguka. Sababu ni woga. Mtoto aliyechapwa kwa kukosea jibu hujifunza kwamba usalama uko katika kunyamaza. Katiba ya mwaka 2010 ilipiga marufuku bakora shuleni, lakini bakora bado zipo nyuma ya milango ya ofisi, na ambako hazipo, umebaki ulimi. Nilisoma na kijana aliyeitwa "bure kabisa" mbele ya darasa kwa sababu ya hesabu ya sehemu. Hakuinua mkono tena hadi tulipomaliza darasa la nane.

Mwanasheria wa Ganjoni

Ni sahihisho dogo tu, ndugu Mpwani. Adhabu ya viboko shuleni ilipigwa marufuku mwaka 2001 kwa tangazo la kisheria, kabla ya Katiba mpya. Katiba ya 2010, kifungu cha 29, inamkinga kila mtu dhidi ya mateso na adhabu za kudhalilisha, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, kifungu cha 36, ndiyo inayotaja shule waziwazi na kuweka adhabu ya faini isiyozidi shilingi 100,000 au kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote viwili. Ningeomba wasomaji watambue kwamba kifungu hicho cha 36 kinakataza pia mateso ya kisaikolojia. Kwa hiyo kumwita mtoto "bure kabisa" mbele ya wenzake si suala la tabia mbaya ya mwalimu pekee.

Mpwani Halisi

Ahsante, Wakili. Hilo la mwisho lingebandikwa katika kila chumba cha walimu.

Ustadh wa Majengo

Assalaam aleikum. Nimefuatilia kwa makini, na ningependa kuleta upande ambao haujatajwa. Watoto hawa tunaosema wamenyamaza, mimi huwapokea madrasa alasiri, wamechoka na wengine wana njaa, na bado sauti zao husikika mpaka barabarani. Wengi hudhani kuhifadhi ni kukaa na kupokea tu, lakini tazameni utaratibu wenyewe. Kila mtoto hupita mbele ya mwalimu peke yake, akasoma alichohifadhi, akarekebishwa herufi moja moja, akapewa sehemu yake mpya kulingana na alipofikia yeye na si alipofikia jirani yake. Aliyetangulia humsikiliza aliye nyuma kabla hajafika kwangu. Hakuna anayeweza kujificha, na hakuna anayeachwa kwa sababu darasa limesonga mbele. Anajua kwamba leo, kabla ya magharibi, kuna mtu mzima atakayemsikiliza.

Shuleni, mtoto anaweza kumaliza wiki nzima bila mwalimu yeyote kusikia sauti yake zaidi ya kuitikia "niko" wakati wa kuita majina. Kwangu mimi, hapo ndipo penye tatizo.

Mpwani Halisi

Ustadh, nilisoma madrasa ya Majengo, na ninakumbuka kwamba kulikuwa na henzerani juu ya rafu, karibu na juzuu. Hiyo nayo ilitusaidia kupaza sauti!

Ustadh wa Majengo

Ilikuwapo, mwanangu, na zipo madrasa ambamo bado ipo. Sitetei hilo. Ninachotetea ni mtoto kusikilizwa peke yake kila siku, na jambo hilo halihitaji henzerani. Kumbuka pia kwamba tangu miaka ya 1980, hapa hapa Mombasa, mpango wa chekechea za madrasa unaosaidiwa na Wakfu wa Aga Khan umekuwa ukifundisha wadogo kwa michezo na kwa vifaa vinavyotengenezwa kwa vifuu, makopo na vitambaa. Waliopita humo nimewapokea, na hawana haya ya kuuliza.

Mzazi wa Changamwe

Shehe wangu, una watoto wangapi kwa mwalimu mmoja? Elimu ya msingi bila malipo ilipoanza mwaka 2003, madarasa yalifurika. Serikali ilipoamua mwaka 2018 kwamba kila anayemaliza msingi aingie sekondari, yakafurika upande wa pili. Mwalimu mwenye wanafunzi zaidi ya 60 na kipindi cha dakika 40 atamsikiliza nani peke yake?

Hesabu Tamu

Piga hesabu, uone kwamba Mzazi yuko sahihi: dakika 40 kwa wanafunzi 60 ni sekunde 40 kila mmoja, bila mwalimu kufundisha neno lolote. Ndiyo maana mimi nimeacha kutafuta zamu ya mtu mmoja mmoja na nimejikita katika muda wa kungoja. Mtafiti Mmarekani Mary Budd Rowe aliuchunguza katika miaka ya 1960 na 1970. Aligundua kwamba baada ya kuuliza swali walimu hungoja takriban sekunde moja tu kabla ya kumtaja mwingine au kujijibu wenyewe. Waliposhawishiwa kungoja sekunde tatu au zaidi, majibu yalirefuka, wasiojitolea wakaanza kujitolea, na wanafunzi wakaanza kuulizana wao kwa wao.

Nilianza kuhesabu kimoyomoyo darasani kwangu. Sekunde tatu za kimya mbele ya darasa ni ndefu mno. Mkono wa mwalimu hujivuta wenyewe kuelekea chaki. Lakini ukivumilia, mikono huanza kuinuka nyuma, karibu na dirisha, ambako kwa kawaida hakuna anayejibu. Kisha huwaambia wageukiane wawili wawili, kila mmoja amweleze jirani yake alivyofikiri, ndipo niwaite. Kwa njia hiyo wote 60 wamezungumza ndani ya dakika mbili, ijapokuwa si mbele yangu.

Kilindini77

Kuhusu wingi wa wanafunzi kuna jaribio jingine la magharibi mwa Kenya. Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer walichunguza shule zilizoongezewa mwalimu wa mkataba ili darasa la kwanza ligawanywe mara mbili. Katika baadhi ya shule waligawanya watoto kiholela, na katika nyingine waligawanya kulingana na alama zao za awali. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011 yalionyesha kwamba pale walipogawanywa kwa kiwango, walio juu na walio chini wote walifanya vizuri zaidi, na maelezo mojawapo ni kwamba mwalimu aliweza kufundisha kulingana na walipo wanafunzi wake. Kwa maoni yangu mtoto hunyamaza kwa sababu somo limempita kichwani, basi. Ukimshushia lifike alipo, atazungumza.

Binti Kuze

Hapo sikubali, ndugu yangu. Ukishawaambia watoto kwamba hawa ni wa chumba cha chini, mwalimu naye atawatarajia machache, na watamletea hayo machache. Robert Rosenthal na Lenore Jacobson waliandika kuhusu jambo hilo mwaka 1968: walimu waliambiwa kwamba watoto fulani watachanua, ingawa watoto hao walichaguliwa kwa bahati nasibu, na baadhi yao wakachanua kweli.

Kilindini77

Utafiti huo umepingwa sana, dada, hasa kwa sababu athari ilionekana zaidi kwa wadogo wa darasa la kwanza na la pili na haikuonekana hivyo kwa wakubwa. Lakini ninakubali kwamba jina la chumba lina uzito wake, na ndiyo maana mgawanyo ungefaa uwe wa somo moja kwa saa moja, si wa mwaka mzima.

Binti Kuze

Kwa saa moja, kwa somo la kusoma pekee, naweza kufikiria. Kwa mwaka mzima hapana.

Gredi ya Kumi

Shikamooni nyote. Nimeona mnatuzungumzia, nikaona niseme kidogo. Mimi nilikuwa katika kundi la kwanza lililofanya KJSEA, mtihani wa taifa wa Gredi ya 9, mwaka 2025. Nilipokuwa sekondari msingi sikuwaogopa walimu sana, niliwaogopa wenzangu. Ukikosea, jina la utani hukufuata mpaka unapomaliza shule, na ukipatia mara nyingi unaitwa mjuaji. Mwalimu wa Sayansi Jamii alituweka katika vikundi vya wanne, kila mtu na kazi yake, kisha akawa anamwita yeyote kati yetu kueleza maoni ya kikundi. Kwa kuwa lilikuwa jibu la kikundi, likikosewa halikuwa kosa la mtu mmoja. Hapo ndipo nilipoanza kuzungumza.

Kilichonichosha ni miradi. Mara nyingi haikuwa yetu.

Mzazi wa Changamwe

Marahaba, mwanangu, na umegusa mahali panapouma. Mtoto anakuletea habari saa mbili usiku kwamba kesho anahitaji karatasi za manila, gundi na picha zilizochapishwa kwa rangi. Unakwenda saiba, unapanga foleni na wazazi wengine, unalipa, kisha unakaa mpaka usiku wa manane ukikata na kubandika huku mwenye mradi amelala. Huo si ushiriki wa mwanafunzi. Na mwishowe mtihani ndio unaoamua kila kitu, kwa hiyo ninaelewa kwa nini walimu hurudi kwenye kuandikisha maelezo.

Hesabu Tamu

Hauamui kila kitu. Katika matokeo ya Gredi ya 9, KJSEA yenyewe ni asilimia 60, KPSEA, yaani tathmini ya kitaifa ya Gredi ya 6, ni asilimia 20, na tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na ya 8 ni asilimia 20. Lakini asilimia hizo za shuleni ndizo zinazowafanya wazazi wakate na kubandika usiku, kwa hiyo malalamiko yako yana msingi. Dawa niliyoiona ikifanya kazi ni kufanyia mradi darasani, mwanzo hadi mwisho, kwa vitu vilivyopo. Katika vipimo, wanafunzi wangu walipima uwanja wa shule kwa kamba yenye mafundo na wakachora ramani yake. Haikumgharimu mzazi hata shilingi.

Mwalimu Mkuu Mstaafu

Nimesoma yote. Kwa miaka mingi niliongoza shule katika kaunti hii, na kila muhula tuliwatuza waliofanya vizuri kwa madaftari, kalamu na makofi ya gwaride. Tuzo husaidia, msizidharau. Ila niliona kwamba waliozipata walikuwa wale wale kila mara, hivyo tukaanza kuwatuza waliopanda kutoka walipokuwa, na nyuso mpya zikatokea.

Jambo la pili ni tamasha za muziki na drama. Kulikuwa na kijana ambaye kiti chake kilikuwa kitupu mara nyingi kuliko kujaa. Mwalimu wa muziki alimpa ngoma ya kuongoza katika wimbo wa chakacha, akamwekea sharti moja tu: asiyehudhuria masomo asubuhi hashiriki mazoezi jioni. Alihudhuria. Mwanzoni alikuja kwa ajili ya ngoma, na baadaye akawa anabaki kumuuliza mwalimu wa Kiswahili kuhusu mizani ya mashairi, kwa sababu alitaka kutunga beti zake mwenyewe.

Kilindini77

Shikamoo, Mwalimu Mkuu. Kwa heshima, kuhusu tuzo ningetahadhari. Mwaka 1971 Edward Deci alichapisha jaribio ambamo wanafunzi wa chuo walilipwa kwa kutatua mafumbo. Malipo yalipoondolewa, walitumia muda mchache zaidi kwenye mafumbo hayo walipoachwa wafanye walitakalo. Baadaye yeye na Richard Ryan walieleza kwamba mtu hushiriki kwa moyo anapokuwa na hiari, anapohisi anaweza, na anapohisi kuwa pamoja na wengine. Kijana wako wa ngoma alipata yote matatu bila daftari wala kalamu.

Mwalimu Mkuu Mstaafu

Marahaba. Hao walikuwa watu wa chuo, na mafumbo yalikuwa ya kupendeza tangu mwanzo. Mtoto asiyeona ladha yoyote katika hesabu hana hamu ya kupotezewa, na tuzo ndogo inaweza kumfikisha mlangoni.

Mpwani Halisi

Na hakuna aliyetaja joto! Mwezi wa pili na wa tatu, chini ya mabati, kipindi cha baada ya chakula cha mchana, hata mwalimu mwenyewe husinzia. Shule iweke masomo ya kufikiri sana asubuhi, na mchana wapeleke watoto chini ya mwembe. Hili halihitaji mtafiti.

Mwalimu wa Jomvu

Nimefaidika sana, ingawa bado sijashawishika kwamba lugha au njaa pekee inaeleza kile kimya. Nilikuwa na watoto wale wale, katika joto lile lile, na walizungumza. Wiki ijayo tunaingia kwenye mada ya maji kupwa na kujaa. Je, yupo hapa mtu wa bahari anayeweza kuja kuzungumza nao?

Mvuvi wa Mtongwe

Mwalimu, mimi nimekuwa nikisoma kimya kimya tangu mwanzo. Nitakuja. Ninaweza kuwaeleza kwa nini bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa kwa wingi, hufuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na kwa nini siku za maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo, nyavu tunazitega pengine. Nina ombi moja: usinipangie hotuba. Wape watoto siku kadhaa waandike wanachotaka kujua, nami nitaanzia hapo, na lile nisilolijua watakuuliza wewe.

Binti Kuze

Na maswali hayo, Mwalimu, wayaandike kwa lugha gani?

Hesabu Tamu

Waandike kwa lugha yoyote waitakayo, mradi karatasi zisiwe na majina. Gredi ya Kumi ametueleza wanamwogopa nani. Mwalimu ahesabu maswali atakayopata, ayalinganishe na yale anayoulizwa kwa mdomo katika wiki ya kawaida, kisha atuletee idadi zote mbili hapa, kwa sababu mpaka sasa kila mmoja wetu ana sababu yake na hakuna aliyepima.

Mvuvi wa Mtongwe

Isiwe siku ya bamvua tu, maana siku hizo ninatoka kabla ya alfajiri. Siku nyingine yoyote ya wiki ijayo nipo, kuanzia saa nne.